Huduma ya kuandika CV pale Mwenge, na namna inavyomwandika mwanamichezo

Ofisi ninayoipitia hapa ipo ghorofa ya kwanza katika jengo la maduka jirani na kituo cha Mwenge, upande wa Barabara ya Sam Nujoma, na kazi yake ni kuandika CV na barua za maombi ya kazi, pamoja na kuwaandaa watu kwa usaili. Jina lake silitaji, kwa kuwa lawama nilizonazo juu yake zinaihusu aina nzima ya huduma hii katika jiji letu, na mtu akizunguka Mwenge, Ubungo au Posta hatakosa kukutana na nyingine inayofanana nayo kwa bei na kwa utaratibu. Niliwapeleka watu wawili. Wa kwanza ni mpwa wangu, mhitimu wa shahada ya ununuzi na ugavi, aliyekuwa nahodha wa netiboli chuoni na kabla ya hapo aliuwakilisha mkoa wake kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Wa pili ni kijana wa jirani yetu, mwenye stashahada ya uhasibu, ambaye amecheza mpira wa miguu ligi ya mkoa na anafahamika vizuri kwa wanaofuatilia mechi za mchangani pale Kinesi. Wote wawili walikuwa na uzoefu mdogo wa kazi na vyeti vingi vya michezo, na wote wawili waliuliza swali moja walipofika mapokezi: haya ya uwanjani yaandikwe au yaachwe?

Nimeitumia hoja hiyo kuipima ofisi yenyewe, kwa sababu mtu aliyefanya kazi miaka kumi bandarini au benki anaandikika kirahisi na hata mchapaji wa steshenari anaweza kumpangia ukurasa unaosomeka. Mhitimu ambaye sehemu kubwa ya ujana wake imekwenda kwenye mazoezi na mashindano ndiye anayeonyesha kama mwandishi wa CV anaijua kazi yake au anajaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye fomu. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji ajue ninapimia nini: mafanikio ya michezo yaingie kwenye CV pale yanapothibitisha jambo ambalo sehemu nyingine za CV hiyo haziwezi kulithibitisha, yaandikwe kama kazi iliyofanyika na yenye ushahidi, na yapunguzwe kadiri uzoefu wa kazi unavyoongezeka. Ofisi hii ilifanya sehemu moja ya hayo vizuri sana na sehemu nyingine vibaya, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Bei ni shilingi 40,000 kwa CV na barua moja ya maombi. Steshenari za chini, pale pale Mwenge, huchukua kati ya shilingi 5,000 na 10,000, ila huko unakaa kwenye benchi, mchapaji anafungua CV ya mtu mwingine kwenye kompyuta, anafuta jina na kuweka lako, na habari zako zinalazimishwa kuingia kwenye maisha ya yule aliyetangulia. Ghorofani unapokewa kwa adabu, unapewa kiti na fomu ya kurasa tatu, kisha unaitwa kwa mshauri kwa mazungumzo ya karibu nusu saa. Mshauri tuliyempata ni dada mtulivu, msikivu, ambaye alianza kwa shikamoo na hakuitazama simu yake hata mara moja tulipokuwa mbele yake. Huduma kama hiyo ina thamani yake, na sina ugomvi na bei.

Ugomvi wangu ni na fomu. Ukurasa wa tatu una sehemu yenye kichwa “Mambo Ninayopenda”, na chini yake swali: “Unapenda michezo gani?” Mpwa wangu, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, alijibu alichoulizwa. Matokeo yake, rasimu ya kwanza iliyorudi ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu wa masomo aliyosoma, mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, kozi ya kompyuta, na mwishoni kabisa, juu tu ya majina ya wadhamini, mstari huu: “Kusoma, kusafiri, kusikiliza muziki, netiboli.” Miaka mitatu ya unahodha ilikuwa imegeuka neno moja baada ya muziki.

Nilimwomba mshauri aturuhusu tukae tena, naye alikubali bila kununa. Nikamwuliza mpwa wangu mbele yake: ulipokuwa nahodha, wiki ya mashindano ilikuwaje kwako? Akaanza kueleza. Kikosi kilikuwa na wachezaji 12, saba wa kuanza na watano wa akiba. Kabla ya kila safari yeye ndiye aliyepeleka barua ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kuomba ruhusa na posho, aliyefuatilia basi, aliyehakikisha wenye mitihani wanapangiwa tarehe nyingine. Mwaka wa pili timu iliponunua jezi mpya, chuo kilimtaka alete profoma tatu, yaani nukuu za bei kutoka maduka matatu. Alishuka Kariakoo, akazunguka maduka ya vifaa vya michezo, akakusanya profoma hizo, akalinganisha bei na ubora wa kitambaa, akaandika nusu ukurasa kueleza kwa nini alipendekeza duka ambalo halikuwa la bei ya chini kuliko yote, kisha akapokea mzigo, akahesabu, akarudisha jezi mbili zilizokuwa na namba zilizokosewa, na akawasilisha risiti.

Msomaji aliyesoma ununuzi na ugavi ameshaelewa. Huyu binti alikuwa ameandaa mahitaji, amekusanya nukuu za bei, amefanya tathmini, amepokea na kukagua mzigo, na ametoa taarifa ya matumizi, yaani mnyororo mzima wa kazi anayoiomba, akiwa na fedha za watu mkononi na bila mtu wa kumshika mkono. Kwenye mafunzo yake kwa vitendo, kwa maelezo yake mwenyewe, kazi kubwa aliyopewa ilikuwa kupanga mafaili. Na bado fomu ya ofisi ilikuwa imeyapa mafaili aya nzima na netiboli neno moja.

Hapa nataka kuwa wa haki kwa mshauri. Alipoyasikia hayo hakujitetea. Alivuta karatasi na kuandika upya mbele yetu, na alichoandika kilikuwa kizuri kuliko ambacho ningekiandika mimi. Kichwa kikawa “Uongozi na Uwajibikaji”, kikapandishwa juu ya orodha ya kozi fupi, na chini yake ikaandikwa, kwa Kiingereza ambacho hapa nakieleza kwa maana yake: Nahodha, timu ya netiboli ya chuo, miaka mitatu. Nilisimamia kikosi cha wachezaji 12 na safari za mashindano. Niliratibu ununuzi wa jezi na vifaa kwa kukusanya na kulinganisha profoma tatu, kukagua mzigo na kuwasilisha risiti kwa uongozi wa chuo. Mistari mitatu, basi. UMISSETA ikapata mstari mmoja chini yake, pamoja na mwaka na jina la mkoa. Hakuna kombe lililotajwa isipokuwa lile moja lililokuwa na cheti.

Nimekaa kwenye kamati za usaili za kampuni ya uwakala wa forodha kwa muda mrefu, na najua kinachotokea kwa karatasi hizi zikifika mezani. Tangazo moja la nafasi ya msaidizi wa ununuzi huleta rundo la maombi yanayofanana kwa kila hali: shahada ile ile, vyuo vile vile, mafunzo kwa vitendo ya muda ule ule, na sentensi ile ile kwamba mwombaji ni mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi na wenzake na kuhimili shinikizo. Sentensi hiyo haina uzito wowote kwa kuwa kila mtu ameiandika. Mstari wa profoma tatu una uzito, kwa kuwa unanipa kitu cha kuuliza: ulichaguaje duka, uliandika nini, gharama ya namba zilizokosewa alilipa nani? Mwombaji aliyefanya kweli atajibu kwa furaha, na aliyebuni atakwama kwenye swali la pili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya michezo kwenye CV ya kijana asiye na uzoefu, kwamba inampa mwajiri mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo ya maana, na inampa kijana jambo ambalo anaweza kulizungumza bila kukariri.

Nchi yetu pia ina sababu zake za kuifanya michezo isionekane kama pambo. Watumishi wa wizara na idara za serikali wana mashindano yao ya SHIMIWI, wa serikali za mitaa wana SHIMISEMITA, na mashirika ya umma, taasisi na makampuni binafsi hukutana kwenye SHIMUTA, ambako watu huvuta kamba, hucheza netiboli, bao na karata kwa ushindani ambao asiyeuona haamini. Kuna michezo ya Mei Mosi kila mwaka. Maafisa utumishi wa taasisi hizo wanajua vizuri ni idara gani ina golikipa na ipi haina. Majeshi yetu yamekwenda mbali zaidi: JKT Tanzania na Tanzania Prisons ni timu zilizocheza Ligi Kuu na zilizokulia ndani ya vyombo vya ulinzi na usalama, na Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo mwezi Septemba 2025 baada ya shaba ya London mwaka 2017, ni askari wa JWTZ. Kwa kijana anayeomba kuingia huko, rekodi ya riadha au ndondi ni sifa yenye uzito wake, na kuificha ni kujinyima. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeomba kujiunga na chuo cha Marekani: Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wa NBA mwaka 2009, alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako alicheza mpira wa kikapu.

Ila nilitarajia mshauri atutofautishie waajiri, na hakufanya hivyo. Ofisi hii inatoa CV moja kwa mteja mmoja, na mteja huondoka akaipeleke popote. Hilo ni kosa la pili, na kwa upande wa ajira za serikali lina matokeo ya moja kwa moja. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani, namba za simu na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na maombi yenyewe hutumwa kupitia mfumo wa Ajira Portal, ambao una sehemu zake tayari za elimu, uzoefu wa kazi, mafunzo, lugha, ujuzi wa kompyuta na wadhamini. Unahodha wa netiboli hautamwingiza mtu kwenye orodha ya wanaoitwa, kwa sababu orodha hiyo hutokana na sifa zilizotajwa kwenye tangazo, na hautamsaidia kwenye usaili wa mchujo wa kuandika. Utamsaidia akifika kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Kwa hiyo kwenye mfumo ule michezo isimpotezee mwombaji muda mwingi. Nguvu iende kwenye vyeti, kuthibitisha majina yanafanana, na kuhakikisha hakuna kiambatisho kilichosahaulika. Mteja anayelipa shilingi 40,000 anastahili kuambiwa hivyo, na hakuambiwa.

Nirudi kwa kijana wa mpira, kwa kuwa hapo ndipo nilipoiona ofisi hii ikifanya kazi ambayo steshenari ya chini isingeiweza. Kijana alikuja na orodha ndefu aliyoiandika mwenyewe kwa mkono: mabao aliyofunga kila msimu, jina lake la utani la uwanjani, mashindano ya ndondo, yaani mpira wa mitaani, aliyocheza, timu zilizomwita majaribio, na picha moja akiwa amevaa jezi na kushika kombe, ambayo alitaka iwekwe juu ya CV badala ya picha ya pasipoti. Mshauri alisoma yote hadi mwisho, jambo ambalo peke yake lilinipendeza, kisha akaanza kupunguza kwa maelezo. Idadi ya mabao haimwambii chochote mkuu wa idara ya fedha. Majaribio ambayo hayakuzaa usajili hayaandikwi. Jina la utani halina nafasi, kwa kuwa jina kwenye CV lazima lifanane na la cheti cha kuzaliwa, vyeti vya NECTA na kitambulisho cha taifa. Picha ya jezi ikarudishwa mfukoni.

Halafu akafanya jambo ambalo nimelisifu kwa kila niliyemweleza. Kwenye orodha kulikuwa na mashindano ya vijana chini ya miaka 17, na mwaka ulioandikwa. Mshauri alikiweka cheti cha kuzaliwa kando ya orodha ile, akahesabu kimya, kisha akasema kwa sauti ya chini: “Mdogo wangu, hapa karatasi zako zinasema mambo mawili. Mwajiri akikuuliza ulikuwa na umri gani mwaka huo, utamjibu lipi?” Kijana akainamisha kichwa. Kila anayeijua soka yetu ya vijana anajua hadithi ya umri unaopunguzwa na viongozi wa timu, mara nyingi bila mtoto kuulizwa, na anajua kwamba wanaoubeba mzigo huo baadaye ni wachezaji wenyewe. Matangazo ya ajira serikalini husema wazi kwamba atakayewasilisha taarifa za kugushi atachukuliwa hatua za kisheria. Mstari ule ukaondolewa. Ni mshauri makini tu anayelinganisha miaka ya mashindano na miaka ya vyeti, na ningemshauri kila mwanamichezo afanye ulinganisho huo nyumbani kabla hajakutana na kamati ya usaili: UMITASHUMTA iangukie miaka ya shule ya msingi, UMISSETA iangukie miaka ya sekondari, na kila mwaka ukae mahali pake.

Kilichobaki kwenye CV ya kijana kilikuwa kidogo na chenye nguvu. Mwaka juzi alisoma kozi ya ukocha na kupata leseni ya daraja D ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na tangu hapo huwafundisha watoto mpira kwenye shule moja binafsi siku za Jumamosi kwa malipo madogo. Yeye aliliona hilo kama kibarua cha kujikimu na hakulitaja hata kwenye fomu. Lilitoka tu alipoulizwa anapata wapi nauli. Mshauri aliliweka kwenye uzoefu wa kazi, kwa tarehe za kuanza, jina la shule na idadi ya watoto, na leseni akaiweka kwenye mafunzo. Kwa kijana anayeomba nafasi za uhasibu, zikiwemo za shule binafsi, hilo lina maana kubwa, kwani mkuu wa shule anayetafuta mhasibu msaidizi na kugundua kwamba mtu huyo huyo anaweza kusimamia timu ya shule ana sababu ya kumwita kabla ya mwingine. Pia alimfanya mwalimu mkuu wa shule ile awe mdhamini wake wa tatu, badala ya mjomba mwenye cheo ambaye hajawahi kumwona akifanya kazi.

Kuna mambo mawili ambayo ofisi haikuyagusa kabisa na ambayo mtu anayeandikia CV za wanamichezo hapaswi kuyakwepa. La kwanza ni hofu ya mwajiri kwamba mchezaji atakuwa mtu wa kuomba ruhusa kila mara. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeisikia kwenye kamati, na kwa masikitiko nimeisikia ikielekezwa kwa wasichana wa netiboli na kikapu zaidi kuliko kwa wavulana wa mpira. Dawa yake ni kuandika kwa uwazi hali ilivyo sasa: kama umestaafu kucheza, weka mwaka wa mwisho, kama unacheza bado, barua ya maombi iseme kwamba mazoezi ni jioni na mechi ni mwisho wa wiki. Mpwa wangu aliongeza sentensi hiyo mwenyewe.

La pili ni kwamba mchezo wenyewe hubeba picha ya mtu kichwani mwa msomaji, na picha hiyo haina haki. Mwaka 2016 watafiti Lauren Rivera na András Tilcsik walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa kampuni za mawakili za Marekani katika miji 14. Walituma maombi ya wanafunzi wa sheria wa kubuni, wenye elimu na uzoefu sawa, ila wakibadilisha dalili ndogo ndogo za hali ya familia, yakiwemo mambo ya nje ya darasa: mmoja ana mashua za tanga na polo, mwingine ana riadha na mpira wa miguu wa kirafiki. Wanaume waliokuwa na dalili za kitajiri waliitwa kwa zaidi ya asilimia 16 ya maombi yao. Wanaume wenye riadha na mpira waliitwa kwa asilimia 1 na kidogo tu. Kwa wanawake, dalili za utajiri hazikuleta faida hiyo. Ile ni Marekani na wale ni mawakili, lakini Dar es Salaam nayo ina gofu ya Gymkhana na ina ndondo ya Kinesi, na sitaki kuamini kwamba wanaosoma CV zetu hawaoni tofauti. Ninachoshauri, na ninakishauri kwa moyo wote, ni kwamba kijana wa mchangani asiazime mchezo wa wengine wala asiufiche wa kwake, bali asiuache uwe jina tupu. “Mpira wa miguu” peke yake humwachia msomaji ajaze picha anayoitaka. “Katibu wa timu ya mtaa, niliyesajili wachezaji 25 na kutunza daftari la michango” humlazimisha amsome mtu na kazi yake.

Kwa wenye umri mkubwa kazini ushauri wangu ni mfupi zaidi. Mtu mwenye miaka kumi na mitano ya kazi hahitaji UMISSETA kwenye CV yake, na akiiweka inaonekana kama amekosa la kusema. Vivyo hivyo kwa waliomaliza Kilimanjaro Marathon mara moja: ni jambo la kujivunia, lakini ni la mazungumzo ya chai. Wanaobaki na haki ya mstari wao maisha yote ni wale waliolivaa jina la nchi, iwe Taifa Stars, Twiga Stars, Taifa Queens au timu ya riadha. Rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na medali za fedha alizoleta yeye na Suleiman Nyambui kutoka Moscow mwaka 1980, hazijawahi kuzeeka. Na kwa miaka hii miwili kuna kundi lingine la kufikiriwa: Tanzania iliandaa CHAN, mashindano ya soka ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda mwezi Agosti 2025, na nchi hizo tatu zimepewa kuandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, la mwaka 2027, hivyo anayeomba kazi kwenye hoteli, usafirishaji, ulinzi wa matukio au habari ana sababu nzuri ya kuonyesha kwamba amewahi kusimamia hata bonanza la mtaa au klabu ya jogging yenye wanachama na akaunti.

Kuhusu mengine ya ofisi: CV ilikuwa tayari kwa siku waliyoahidi, Kiingereza chake kilikuwa safi, na mpangilio ulikuwa wa kawaida bila rangi nyingi, jambo ambalo ni jema kwa karatasi itakayotolewa kopi nyeusi. Walitupa faili la PDF pekee na walitaka malipo ya ziada kwa lile linaloweza kuhaririwa. Niliyakataa malipo hayo kwa upole na wakalitoa faili bure. Naona si sawa mtu kulipia tena habari za maisha yake mwenyewe, hasa mwanamichezo ambaye CV yake itabadilika kila baada ya msimu. Niliuliza pia nakala zilizobaki kwenye kompyuta yao zinatunzwa vipi, kwa kuwa zina namba za kitambulisho, simu na majina ya wadhamini, na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nilijibiwa kwamba hufutwa baada ya mwezi mmoja, na mshauri alinionyesha folda ya mwezi uliopita ikiwa tupu.

Ningewapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za yule dada. Fomu yao ikibadilisha swali moja tu, kutoka “unapenda michezo gani” kwenda “ulikuwa na jukumu gani kwenye timu, ulishika fedha au vifaa gani, na nani anaweza kuthibitisha”, nitaongeza ya nne siku hiyo hiyo. Kwa sasa, anayekwenda aandike majibu ya swali hilo nyumbani, abebe vyeti vya ushiriki, cheti cha kuzaliwa na barua ya kocha au mlezi wa timu, na aombe matoleo mawili ya CV, moja la mwajiri ambaye michezo ina maana kwake na jingine la mfumo wa serikali. Malipo ni nusu mwanzoni na nusu wakati wa kuchukua, taslimu au kwa simu, na hiyo nusu ya pili isitolewe kabla mteja hajausoma ukurasa wote hapo hapo ofisini, mwaka kwa mwaka na jina kwa jina.